Kutoka Mhanga Hadi Zanzibar

Ensaiklopidia haikutungwa isomwe kama riwaya. Imetungwa iulizwe. Mtu ana swali lake, anachukua juzuu yenye herufi anayoitaka, anafunua, anapata jibu, anairudisha rafuni. Ndiyo maana ukisema umezisoma juzuu zote tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, wengi hukushangaa na baadhi hukuhurumia. Mimi nilizisoma, Kafutuma, wilaya ya Nchelenge, kando ya ziwa Mweru upande wa Zambia, na mpaka leo sijapata elimu nyingine iliyonijenga kama ile.

Waliofanya hivyo kabla yangu si wengi, lakini wapo. Fath Ali Shah, mfalme wa Uajemi, alitunukiwa chapa ya tatu ya Encyclopaedia Britannica, na husimuliwa kwamba aliimaliza yote kisha akaongeza katika vyeo vyake cheo cha bwana wa kitabu hicho. Bernard Shaw, mtunzi wa tamthilia, aliisoma chapa ya tisa karibu yote, akaacha makala za sayansi. Mwaka 2004 Mmarekani A. J. Jacobs alitoa kitabu kizima kuhusu jinsi alivyozipitia juzuu 32 za Britannica. Lakini anayenigusa kuliko wote ni Malcolm X. Yeye hakuwa na ensaiklopidia. Alikuwa na kamusi, gerezani Norfolk, Massachusetts, mwishoni mwa miaka ya 1940, akainakili kwa mkono ukurasa baada ya ukurasa. Miaka mingi baadaye bado alimkumbuka mnyama aliyekutana naye mwanzoni mwa kamusi ile: mhanga, yule mwenye masikio marefu anayebomoa vichuguu usiku na kula mchwa. Kwa Kiingereza jina lake linaanza na herufi A mbili, kwa hiyo hakuna mnyama anayeweza kumtangulia. Ensaiklopidia niliyoisoma mimi nayo ilinikutanisha na mhanga katika kurasa zake za mwanzo kabisa, na kesho yake asubuhi nikaenda nyuma ya shamba la mihogo kuyatazama mashimo yake kwa macho mengine.

Sisi ni watu wa Pweto, upande wa Kongo, pale ambapo mto Luvua unatoka ziwani. Desemba 2000 vita vilipofika Pweto, watu kwa maelfu walivuka kuingia Zambia, wengine kwa miguu, wengine kwa mitumbwi, na wengi wao wakapelekwa kambi ya Kala, wilaya ya Kawambwa. Mama alikuwa na ndugu Kafutuma. Watu wa ziwa hili wameoana na kuzikana pande zote mbili kwa muda mrefu. Kaka yuko ng'ambo hii, shangazi yuko ng'ambo ile, na soko la Kashikishi linawalisha wote. Tulipokewa na mjomba wake mama, mwalimu mstaafu. Wajukuu zake walimwita Shikulu, yaani babu kwa Kibemba, nasi tukamwita hivyo hivyo. Mkewe tulimwita Banakulu. Shikulu alikisema Kiswahili vizuri, Kiswahili cha Katanga, kwa sababu ujana wake aliutumia akifanya kazi Lubumbashi wakati mji huo ulikuwa bado ukiitwa Élisabethville.

Nilikuwa na umri wa kuingia sekondari. Shule ya kuingia haikuwepo, Kifaransa changu hakikuwa na kazi upande huu, na Kiingereza sikukijua. Ndani ya chumba cha Shikulu, juu ya mbao alizozipigilia mwenyewe ukutani mbali na mchwa, zilipangwa juzuu za World Book, ensaiklopidia ya Chicago, chapa ya miaka ya 1980. Alizipata chuo kimoja cha Copperbelt kilipokuwa kikiondoa vitabu vyake vikuukuu. Zikaja juu ya lori la wanunuzi wa samaki lililokuwa likipanda tupu kuelekea Mweru, kwa ile barabara ya Pedicle inayokata kipande cha ardhi ya Kongo, zikavushwa mto Luapula kwa pantoni pale Chembe, maana daraja la Chembe lilikuja baadaye, mwaka 2008. Seti kamili ni juzuu 22. Kafutuma ziliingia 21. Juzuu ya E haikuwemo.

Shikulu alinipa masharti mawili. La kwanza, nisiruke chochote. La pili, kila nilichokisoma mchana nikisimulie jioni, kwa Kiswahili au kwa Kibemba, mbele ya Banakulu na yeyote atakayekuwa ameketi uani. Nilimuuliza kwa nini nisianze na mambo ninayoyapenda, magari na nyota, nikisha kukijua Kiingereza ndiyo nirudi kwenye mengine. Akanijibu, "Mwana, ukichagua, utachagua unachokijua. Usichokijua hakina jina kichwani mwako, utakichaguaje?" Sentensi hiyo imenifaa kuliko makala yoyote ndani ya zile juzuu.

Mwanzoni tulisoma pamoja. Alisoma kwa sauti, akatafsiri, nami nikaandika kwenye daftari. World Book ina adabu ambayo sikuiona katika ensaiklopidia nyingine: makala zake nyingi huanza kwa maneno mepesi, kisha huzidi kuwa nzito kadiri unavyoendelea, na neno gumu hufafanuliwa pale pale linapotokea. Kitabu chenyewe kikawa mwalimu wangu wa Kiingereza. Nilipofika juzuu ya D nilikuwa nasoma peke yangu. Nilipofika H, kwenye zile karatasi angavu za mwili wa binadamu, unazozifunua moja baada ya nyingine, mifupa, kisha mishipa, kisha maini na mapafu, sikuhitaji tena kuulizia maneno. Nilihitaji watu wa kutazama pamoja nami. Uani palijaa usiku ule. Mama mmoja aliyekuwa na mimba kubwa aliomba karatasi zile zirudiwe taratibu, na hakuna aliyesema kitu mpaka alipotosheka.

Alfabeti haina heshima kwa mkubwa wala dharau kwa mdogo. Hilo ndilo jambo la kwanza unalolihisi unaposoma kwa mfuatano. Mfalme anapewa zamu baada ya mdudu kwa sababu ya herufi tu. Malaria inafuatwa na Malawi. Unatoka kwenye homa iliyokulaza msimu wa mvua uliopita, unaingia nchi ya jirani. Hakuna aliyeamua kwamba hili ni la watoto wa mjini na lile ni la watoto wa wavuvi, hili la wanaume na lile la wanawake. Kwa mtoto aliyefika ugenini bila cheti na bila lugha, kupewa vitu vyote vya dunia kwa zamu, bila kuulizwa anatoka wapi, lilikuwa jambo kubwa sana.

Lakini alfabeti hiyo hiyo inatawanya. Mambo yaliyozaliwa pamoja inayatenga, moja inalipeleka mwanzo na jingine mwisho. Nilipofika kwa Diderot katika juzuu ya D nikaelewa kwamba tatizo hili liliwasumbua hata watu wa zamani. Ensaiklopidia aliyoisimamia huko Ufaransa kati ya 1751 na 1772, juzuu 17 za maandishi na 11 za picha, ilijaa marejeo ya kumtuma msomaji kutoka makala moja hadi nyingine, na Diderot aliyapa marejeo hayo uzito mkubwa kuliko karibu kila kitu kingine katika kazi ile. Alijua kwamba bila hayo, kitabu ni rundo tu. Mimi naongeza: hata na hayo, kitabu hakiwezi kujiunganisha. Lazima awepo mtu mmoja aliyepita kote, ambaye ndani yake yaliyotawanywa yanakutana.

Nitaeleza jambo moja kwa urefu, kwa sababu ndilo lililonifundisha hivyo.

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali ya Zambia hufunga uvuvi ili samaki wazaliane. Nyavu hutundikwa, mitumbwi huvutwa mchangani, na kwa kuwa mvua ni nyingi, watu hukaa nyumbani. Msimu huo ndio uliokuwa wetu wa kusoma sana, na hadhira yangu ya jioni ilikuwa ya wavuvi. Jioni moja zamu ilikuwa ya samaki wa bahari baridi ambaye Waingereza humwita cod. Kongo tulimjua bila kumjua: ndiye aliyekaushwa kwa chumvi akauzwa kwetu kwa jina la makayabu. Nikasimulia jinsi meli za mataifa mengi zinavyomfuata kwenye maji ya Newfoundland, pwani ya Kanada, mahali panapoitwa Grand Banks, jinsi jike mmoja anavyotaga mayai kwa mamilioni, jinsi watu walivyomvua kwa karne nyingi. Kitabu kilieleza kwa sauti ya mtu anayeeleza ghala lisilokwisha.

Mzee mmoja, mvuvi aliyekuwa kijana wakati wa vita vya pili vya dunia, aliniuliza, "Hao samaki wangali wapo?"

Nikarudia yaliyoandikwa. Akatikisa kichwa, akaanza kutusimulia habari za mpumbu. Mpumbu ni samaki wa ziwa letu, mnene, mwenye mayai matamu, ambaye mvua za kwanza zilipoanza alikuwa akipanda mto Luapula kwa makundi kwenda kutaga. Wafanyabiashara, wengi wao Wagiriki, walikuwa wameweka kambi Kasenga, upande wa Kongo, wakinunua samaki kwa ajili ya migodi ya shaba ya Katanga iliyokuwa na vibarua wengi wa kulishwa. Nyavu zikatandazwa pale pale mpumbu anapopita, akavuliwa akiwa na mayai tumboni, na mayai yenyewe yakawa bidhaa. Katika miaka ya 1940 makundi yale yalivunjika. Mvua zilikuja, Luapula ukajaa, mpumbu hakupanda. Mzee alisema aliyaona mambo hayo yote mawili kwa macho yake, wingi na uhaba, na kwamba kati ya wingi na uhaba hakukuwa na onyo, kwa sababu mwaka wa kuvua sana ndio uliotangulia mwaka wa kukosa.

Nilikuwa na kitabu cha Chicago mapajani, na sikuweza kumjibu. Miaka ilipita kabla sijajua kwamba jibu lilikuwa limekwisha kutolewa. Julai 1992, miaka mingi kabla ya jioni ile ya Kafutuma, Kanada ilikuwa imeufunga uvuvi wa cod katika maji ya Newfoundland kwa sababu samaki walikuwa wamekwisha, na makumi ya maelfu ya watu wa pwani ile wakapoteza kazi kwa mara moja. Mzee wa Mweru, ambaye hakuwahi kuiona bahari, aliisikia makala moja ikisomwa na akajua swali sahihi la kuiuliza. Wataalamu walioiandika hawakuwa wajinga. Walikosa mpumbu tu.

Tangu siku hiyo nilikoma kuzisoma makala kama majibu. Nilizisoma nikisubiri zikutane. Na zilikutana. David Livingstone yuko katika L. Tarehe 8 Novemba 1867 alifika kwenye ufuo wa ziwa Mweru, akapita kwa Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda, na miaka iliyobaki ya uhai wake aliimaliza akihangaikia mto Lualaba, akitumaini kwamba ndio Nile. Alikufa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, kusini ya ziwa Bangweulu, bila kupata hakika. Ukisoma makala hiyo peke yake unabaki na huzuni yake. Unaingia juzuu ya N na O, unakuta Nile ikitiririka mbali kabisa na kwetu. Halafu inabidi usubiri mpaka S, kwa Stanley, ambaye mwaka 1877 alitokea Boma, karibu na Atlantiki, baada ya kuufuata Lualaba na kuona unageuka kuwa mto Kongo. Shikulu alizitandaza juzuu zote tatu juu ya mkeka, zikiwa wazi, na Banakulu akasema kwa mshangao wa kweli kwamba Livingstone angekaa Pweto msimu mmoja na kuwauliza wenye mitumbwi, wangempa habari za Luvua kwa kadiri wanavyoifahamu: kwamba maji ya Mweru yanatoka hapo, yanaingia Lualaba, na yanakwenda machweo. Sikubaliani naye kabisa, kwa sababu mwenye mtumbwi wa Pweto hakuwa amefika Boma. Lakini mwenye mtumbwi alikuwa na kipande chake, na Livingstone alikuwa na chake, yaani ramani ya bara, na hakuna kati yao aliyeuona mto mzima.

Nchi yangu niliitafuta mapema. Katika juzuu ya nne, Ci hadi Cz, nilifika kwenye Congo moyo ukidunda. Nikakuta nchi yenye mji mkuu Brazzaville. Nilimfuata Shikulu nikiwa nakaribia kulia; nikamwambia kitabu hiki kinajua kila kitu isipokuwa sisi. Alikuwa anajua tulipo, naye hakuniambia. Alisema tu, "Endelea, mwana. Usiruke." Nikaendelea, na kwa kweli nilisoma herufi nyingi kwa hasira. Karibu na mwisho wa juzuu ya 21 ndipo nilipotukuta, chini ya jina la Zaire, pamoja na Mobutu, bendera ya mwenge na sarafu ambayo mama alikuwa bado na noti zake mbili zisizonunua kitu. Jina la Zaire lilidumu tangu 1971 hadi Mei 1997. Nilikuwa nimezaliwa ndani yake na nilikuwa nimeliona likifa. Baada ya Zaire ulikuja mto Zambezi, kisha Zambia, ambamo Kaunda alikuwa bado rais, kisha Zanzibar. Nilifurahi mno kuona nchi iliyonizaa na nchi iliyonipokea zimetengwa na mto mmoja tu, na kwamba msafara huo unafika pwani ya Waswahili, watu ambao lugha yao ndiyo niliyoitumia kubeba habari zote hizi kutoka chumbani hadi uani.

Kwa kuchelewa kule nilipata kitu. Nilipofika Z nilikuwa nimekwisha kuona mambo mengi yaliyokufa ndani ya kitabu kile: Ujerumani mbili, Umoja wa Kisovieti. Niliweza kuisoma makala ya Zaire bila kuumia, nikijua kwamba ukweli wa kitabu una tarehe, na kwamba tarehe si aibu. Shikulu alikuwa na kalamu ya risasi yenye ncha kali. Pembeni mwa kila jambo lililopitwa na wakati aliandika mwaka tu, bila maneno: 1990, 1991, 1997. Hakufuta chochote. Mwaka 2006, wanaastronomia walipoamua kwamba Pluto isihesabiwe tena miongoni mwa sayari kuu, mimi ndiye niliyeandika mwaka huo katika juzuu ya P, naye akatazama herufi zangu na kuridhika.

Juzuu ya E sikuwa nayo, kwa hiyo niliijenga. World Book, kama ile ya Diderot, haichoki kukuelekeza kwingine: tazama hili, tazama lile. Kila nilipotumwa kwenye E niliandika katika daftari la peke yake. Piramidi na Nasser walinituma Misri. Faraday na Franklin walinituma kwenye umeme. Newton alinituma kwa Einstein. Haile Selassie alinituma Ethiopia, na mamba, jambo lililonishangaza, alinituma kwenye mayai. Nilipomaliza kila kitu nilikuwa na daftari lililojaa habari za juzuu ambayo sijawahi kuishika, zote nimepewa na majirani zake. Miaka baadaye, katika maktaba moja ya Lusaka, niliipata E na kuisoma yote nikiwa na daftari lile mkononi. Mambo makubwa nilikuwa nayo karibu yote: Misri, umeme, Einstein, Ulaya, tembo. Niliyoyakosa ni madogo, yale ambayo hakuna makala kubwa iliyoona haja ya kuyataja. Mwangwi. Mnyoo wa ardhini, na kazi yake ya kuupa udongo pumzi. Niliketi pale nikasoma habari za mnyoo mara mbili. Kama ningetegemea kuongozwa na wakubwa peke yao, nisingemjua kamwe.

Ziwa Mweru lenyewe lilionekana kwenye ramani ya Zambia, na hapakuwa na makala yake. Ni maji ya zaidi ya kilomita za mraba 5,000, ambayo watu wa mataifa mawili huyategemea kwa chakula, na mtoto wa Chicago hakuwa na njia ya kujua kwamba yapo. Sikulaumu sana, kila ensaiklopidia huandikwa ikitazama kutoka mahali fulani. Lakini jioni za Kafutuma zilinionyesha kwamba ziwa lilikuwa na makala zake, ila hazikupangwa kwa alfabeti. Banakulu alikuwa na habari ya Nachituti: jinsi Nkuba, chifu wa Washila, alivyomuua mtoto wa dada yake Nachituti, jinsi Nachituti alivyomwendea Mwata Kazembe aliye Mlunda kuomba kisasi, na jinsi Nkuba alipokwisha kuuawa, Nachituti alivyompa Kazembe kikapu cha udongo na chungu cha maji, yaani nchi na ziwa. Kila mgogoro wa nani avue wapi, Banakulu aliufikisha kwa Nachituti. Shikulu alikuwa pia na kitabu cha historia ya Walunda kilichoandikwa kwa Kibemba na Mwata Kazembe wa XIV, Chinyanta Nankula. Alikiweka rafu moja na World Book, kwenye pengo la E.

Na kuvuka ziwa, magharibi, kwa Waluba, kulikuwa na kitu ambacho nilikiona kwa mara ya kwanza katika picha nikiwa mtu mzima, nikakitambua papo hapo: lukasa. Ni ubao wa mbao unaoshikika mkononi, uliopambwa shanga na simbi. Mjuzi wa historia aliushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga, akasimulia wafalme, safari, mahali patakatifu, sheria za utawala. Shanga moja ikizungukwa na nyingine, rangi, mstari, duara, kila kitu kilikuwa na maana, na maana hiyo haikuwa ndani ya ubao. Ilikuwa ndani ya mtu aliyefundishwa kwa miaka. Mbele ya asiyefundishwa, lukasa ni pambo. Na ensaiklopidia ambayo kila mtu anaigusa ukurasa mmoja tu, ina tofauti gani na hiyo?

Britannica ilianza kuchapishwa Edinburgh mwaka 1768. Chapa yake ya mwisho ya karatasi ni ya 2010, na mwaka 2012 ikatangazwa kwamba haitachapwa tena. World Book, iliyoanza mwaka 1917, bado inachapwa kila mwaka, na kila nikisikia hivyo nafurahi kana kwamba nimesikia ndugu bado yu hai. Vijana wa Kafutuma sasa wana simu. Naipenda simu, imewapa wanafunzi wangu ramani na picha ambazo Shikulu angelia kwa furaha kuziona. Ila inakupa ulichokiomba peke yake, kimekatwa na majirani zake. Ukiiuliza malaria, Malawi haitokei. Na mtoto hawezi kuiuliza kitu ambacho hajawahi kusikia kwamba kipo.

Shikulu amekwisha kufariki. Juzuu zake ninazo mimi, 21, na kila msimu wa kufungwa ziwa nazisoma na vijana, kwa masharti yake yale yale mawili. Tangu yalipofunguliwa makazi ya wakimbizi ya Mantapala mwaka 2018, humu humu wilayani Nchelenge, wanakuja pia watoto waliokimbia kutoka Pweto na Moba kama nilivyokimbia mimi. Wanakuja na Kiswahili, na Kiswahili kinatosha kuanzia. Wanapouliza kwa nini Congo ni Brazzaville, siwaambii.

Tumeongeza sharti la tatu, ambalo ni letu. Kila anayemaliza juzuu moja anaandika kwa Kiswahili makala moja ambayo ndani ya juzuu hiyo haimo na ilistahili kuwemo. Aiandike kwa maneno mepesi kwanza, mazito baadaye, kama World Book. Awaulize wazee angalau wawili, na wasipokubaliana aandike kauli zote mbili. Aweke tarehe. Msichana mmoja ameandika kuhusu chisense, dagaa wa ziwa letu: jinsi anavyovutwa kwa taa usiku usio na mwezi, jinsi taa za mafuta zilivyopisha taa za betri, na kwa nini chisense aliyeanikwa mchangani huuzwa bei ndogo kuliko aliyeanikwa juu ya kichanja. Mvulana wa Mantapala ameandika kuhusu Luvua. Na kila makala lazima imalizike kwa kumtuma msomaji mahali pengine, si karibu tu, bali mbali pia. Makala ya mpumbu, iliyoandikwa na mjukuu wa yule mzee aliyeniuliza swali, ina kurasa nne za daftari, na mstari wake wa mwisho unasema: Tazama pia Kasenga, shaba, mayai, Newfoundland.